Kutoka Mazingira hadi Mandhari: Maumbile katika Historia ya Michezo ya Video ya Mazoezi ya Mwili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna maumbile yanavyosawiriwa katika michezo ya video ya mazoezi ya mwili, yaani ile michezo inayomtaka mchezaji akimbie, achuchumae, ajinyooshe au aendeshe baiskeli mbele ya skrini ili mhusika wake asonge mbele katika ulimwengu wa picha. Yamkini msomaji atajiuliza jarida la uhakiki lina haja gani na vyombo vya aina hii. Jibu letu ni kwamba michezo hii ni matini. Ina wahusika, ina msuko, ina mandhari, na juu ya yote ina hadhira inayohesabiwa kwa mamilioni. Mhakiki aliyezoea kuuliza msitu wa riwayani umewekwa pale kwa faida ya nani hana sababu ya kunyamaza anapouona msitu huohuo kwenye skrini.

Lugha ya Kiswahili inatupa maneno matatu yatakayotuongoza katika uchunguzi huu. Maumbile ni kile kilichoumbwa, kilichopo kabla yetu na bila idhini yetu. Mazingira ni kile kinachotuzingira. Mtu yumo ndani yake, na chochote kikitokea humo humpata na yeye. Mandhari, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kile kinachotazamwa. Mtazamaji husimama nje yake, akitaka hugeuza uso. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huingiliana, na hata wahakiki tumekuwa tukiyatumia kana kwamba yana maana moja. Tofauti yao, hata hivyo, ndiyo kiini cha makala haya.

Dai letu ni kwamba historia ya michezo ya video ya mazoezi ni historia ya kuyageuza mazingira kuwa mandhari, na kisha kuyageuza mandhari kuwa ujira unaolipwa mwili kwa kutoka jasho. Ili kulithibitisha dai hili itatubidi turudi nyuma ya skrini, hadi kwenye mashine iliyoitangulia. Mifano yetu mingi inatoka Uingereza, Japani na Marekani kwa kuwa ndiko vyombo hivi vilikobuniwa. Vipimo vya kuihakiki vinatoka katika fasihi yetu.

2.0 Gurudumu la Gerezani

Mashine ya kukimbilia, ambayo leo hupatikana katika kumbi za mazoezi na hoteli, haikuzaliwa katika siha. Mnamo mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye ngazi, ambalo wafungwa walilizungusha kwa kulipanda bila kufika popote. Gurudumu lililopata sifa zaidi liliwekwa katika gereza la Brixton, London, mwaka 1821, na lilitumika kusaga nafaka. Katika magereza mengine halikusaga chochote. Lilizungushwa tu ili mfungwa achoke. Mwandishi Oscar Wilde alikuwa miongoni mwa walioonja adhabu hiyo, katika gereza la Pentonville mwaka 1895. Sheria ya magereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyofungua njia ya kuikomesha.

Jambo linalotuhusu hapa ni kile alichokiona mfungwa alipokuwa akipanda. Katika magereza mengi kila mmoja alitengewa kijichumba chake juu ya gurudumu, mbao kushoto na kulia, ili asizungumze na mwenzake. Mbele yake palikuwa na ngazi inayoshuka na ukuta. Adhabu hii ilikuwa na sehemu mbili: kazi isiyo na mazao, na mwendo usio na mahali. Mkulima anayepanda kilima huchoka pia, lakini kilima kile kina kivuli, kina upepo, kina jirani wa kuamkuana naye. Gurudumu lilikitenganisha kitendo cha kutembea na mazingira ya kutembea. Huu ndio mtengano wa kwanza, na yote yanayofuata ni juhudi za kuuziba kwa picha.

Miaka mia moja na zaidi baadaye mashine hii ilirudi ikiwa imevaa vazi jingine. Mwaka 1968 daktari Mmarekani Kenneth Cooper alichapisha kitabu kilicholieneza wazo la mazoezi ya moyo na mapafu. Karibu na wakati huo mhandisi William Staub aliunda mashine ya kukimbilia ya nyumbani kwa bei ambayo watu wa kawaida wangeweza kuimudu. Mtu wa tabaka la kati, aliyekwenda kazini kwa gari na kukaa kitini kutwa, sasa alinunua kwa hiari yake mwendo usio na mahali. Ukuta ulibaki palepale. Ilikuwa ni suala la wakati tu kabla mtu hajafikiria kuupamba.

3.0 Ukuta Unapambwa

Hamu ya kuyaleta maumbile ndani ya chumba ilikuwa na historia yake tangu zamani. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipata hataza ya mchoro wa mzunguko uliomzingira mtazamaji pande zote, na mwaka 1793 alifungua jengo maalumu la michoro hiyo katika uwanja wa Leicester, London. Kuanzia mwaka 1905, nchini Marekani, George Hale alieneza kumbi zilizofanana na mabehewa ya gari la moshi: watazamaji waliketi, sakafu ikatikiswa, na mbele yao ikaonyeshwa filamu iliyopigwa kutoka mbele ya gari linalokwenda. Kumbi hizi ziliuza safari bila safari. Mtazamaji alilipa kwa fedha, akaketi, na nchi ikapita.

Michezo ya video ya mazoezi ilibadilisha jambo moja katika mapatano hayo. Mtazamaji alitakiwa alipe kwa misuli. Mwaka 1986 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa mkeka wa plastiki wenye vitufe vya kukanyagwa, uliounganishwa na mashine ya Nintendo. Mwaka 1988 Nintendo iliuuza mkeka huo Marekani kwa jina la Power Pad. Mojawapo ya michezo iliyochezwa juu yake, Athletic World, ilimtaka mchezaji aruke magogo na kuvuka mto kwa chelezo. Mto wenyewe ulikuwa mraba wa buluu, gogo mstari wa kahawia. Watoto waligundua upesi kwamba mtu angeweza kupiga magoti na kuupigapiga mkeka kwa viganja, naye mkimbiaji wa kwenye skrini akapata kasi ambayo miguu isingeweza kuileta.

Udanganyifu huo wa watoto una mafunzo. Unaonyesha kwamba uhusiano kati ya mwili na maumbile ya skrini ulikuwa wa kihesabu tu: idadi ya mapigo iligeuzwa kuwa umbali. Mtu hawezi kuudanganya mlima. Anaweza kuidanganya hesabu. Kadiri teknolojia ilivyokua, picha zilipata majani, mawimbi na machweo, lakini hesabu ile haikuondoka chini yake.

4.0 Kisiwa Kisicho na Mwenyewe

Mwezi Desemba 1, mwaka 2007, Nintendo ilitoa Wii Fit nchini Japani, na mwaka uliofuata katika nchi nyingine. Mchezo huu uliouza zaidi ya nakala milioni 22 uliambatana na ubao wa mizani uliompima mchezaji uzani na namna anavyosimama. Katika zoezi la kukimbia, hata hivyo, ubao huo hautumiki. Mchezaji hukimbia palepale alipo, kidude cha kuongozea kikiwa mfukoni, na mtikisiko wa mfuko ndio unaohesabiwa. Mbele yake kisiwa hufunguka: pwani, daraja, nyasi, nyumba nadhifu, na wakimbiaji wengine wanaompungia mkono. Kisiwa hiki kilipanuliwa katika Wii Sports Resort ya mwaka 2009, kikapewa jina la Wuhu na mlima wa volkeno uitwao Maka Wuhu.

Tukikisoma kisiwa cha Wuhu kama tunavyoyasoma mandhari ya riwaya, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni ukosefu wa ukinzani. Mchezaji wa Wii Fit akizidisha kasi, mhusika wake hujikwaa na kuanguka, lakini hajikwai kwenye mzizi wala jiwe. Anguko lake ni adhabu ya kukiuka mwendo uliowekwa. Ardhi haina neno katika jambo hilo. Volkeno nayo ni pambo. Wenyeji wake hawana haja ya kuihofia, kuitambikia wala kuilima mbolea yake.

La pili ni kwamba kila kitu kisiwani kimewekwa ili kipatikane. Katika zoezi la baiskeli la Wii Fit Plus mchezaji huokota bendera; katika Wii Sports Resort, akiruka kwa ndege, hukusanya maelezo ya vituo 80 vilivyotajwa na kuhesabiwa. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii inaisifu safari kwa sababu ya kile ambacho msafiri hakukitarajia: njia ina vyake, na mwendaji hajui ni vipi. Katika kisiwa cha Wuhu mwenda bure huokota kile tu alichoandaliwa, na idadi yake imeandikwa pembeni. Hapa ndipo mandhari yanapogeuka ujira. Bahari hufunguka baada ya hatua kadhaa, na mtazamo wa kileleni hutolewa kwa aliyetimiza hesabu.

5.0 Mnyama Aliyegeuzwa Kifaa

Mfano unaofuata unalipeleka jambo hili mbali zaidi. Ring Fit Adventure ilitolewa na Nintendo mwezi Oktoba 2019, nayo imeuza zaidi ya nakala milioni 14. Mchezaji hushika pete ya kubanwa na kuvutwa, hufunga kitambuzi pajani, kisha hukimbia katika mbuga na vilima vilivyotiwa kiza na joka lenye misuli ya kutunisha, Dragaux. Njiani hukutana na mazimwi madogo ambayo huyashinda kwa kuchuchumaa, kuinua magoti au kukaa mikao ya yoga.

Kwa msomaji wa ngano zetu muundo huu si mgeni. Kijana huondoka nyumbani, huingia msituni, hukutana na zimwi, hulishinda na kurudi akiwa amekomaa. Lakini tazama viumbe wenyewe. Mmoja ni mbwa aliyeumbwa kwa chuma cha kunyanyulia. Mwingine ni taa, yule samaki bapa wa baharini, aliyetengenezwa kwa mkeka wa yoga. Katika ngano, zimwi lina njaa yake, lina hila zake, pengine lina mke na watoto. Fisi na sungura wana nia zisizotokana na shujaa; ndiyo maana wanaweza kumfundisha. Wanyama wa Ring Fit hawana nia yoyote nje ya mwili wa mchezaji. Wameumbwa kwa vifaa vya ukumbi wa mazoezi kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao yote. Mchezo huu umesema kwa uwazi kile ambacho kisiwa cha Wuhu kilikisema kwa staha, kwamba maumbile ni kifaa cha siha.

Kipengele kingine kinastahili kutajwa. Mchezo huu una namna ya kimya, ambapo mchezaji hakimbii bali hukunja magoti polepole, na mhusika wake hukimbia vilevile. Namna hii imewekwa kwa ajili ya wale wanaokaa ghorofani na kuhofia kumsumbua jirani wa chini. Kwa hiyo kitu pekee kinachomwekea mchezaji mpaka ni mazingira yake halisi: sakafu, saa ya usiku, jirani aliyelala. Mbuga ya kwenye skrini haimwekei mpaka wowote. Mchezaji hujifunza kuwa na adabu kwa jirani, na ni jambo jema. Kwa mbuga hajifunzi adabu yoyote.

6.0 Watopia na Teanu

Mfano wetu wa mwisho ndio unaobeba uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa ndani yake mandhari ya kubuni yameketishwa juu ya mahali halisi. Zwift, iliyoanza kutumika kwa majaribio mwaka 2014, humwezesha mwendesha baiskeli kuiunganisha baiskeli yake na kifaa kinachoongeza au kupunguza ugumu wa kukanyaga kulingana na mteremko wa skrini. Kwa hakika hii ni hatua mbele ya Wuhu, kwani mlima sasa unakinza. Ulimwengu wake mkuu huitwa Watopia, kisiwa chenye volkeno, msitu wenye magofu, miti mirefu kupita kiasi, na barabara inayopita chini ya bahari katika handaki la kioo.

Kila safari ya Watopia huhifadhiwa pamoja na vipimo vya mahali, kana kwamba mwendeshaji alikuwa nje. Ukivifuata vipimo hivyo kwenye ramani ya dunia, vinakupeleka katika Bahari ya Pasifiki, kwenye Visiwa vya Solomon, penye kisiwa cha Teanu katika kundi la Vanikoro. Kwa mtengenezaji, yamkini huu ulikuwa uamuzi wa kiufundi: palihitajika pahala pasipogongana na barabara za wateja. Lakini pahala hapo si patupu. Vanikoro ina watu, na lugha ya Kiteanu inazungumzwa humo hadi leo, ilhali lugha mbili jirani zake zimebakiwa na wasemaji wa kuhesabika. Ni katika miamba ya Vanikoro ambapo merikebu mbili za Mfaransa La Pérouse zilizama mwaka 1788. Jina la kisiwa limeingia katika vitabu vya Ulaya kama jina la mkasa wa Wazungu. Sasa ramani yake imekuwa ukurasa mtupu wa kuchorea barabara.

Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Simon Albert walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba visiwa vitano vyenye mimea katika Visiwa vya Solomon vilitoweka kabisa kati ya miaka 1947 na 2014, na vingine sita vilimomonyoka vibaya, bahari ilipokuwa ikipanda. Visiwa hivyo viko katika majimbo ya Isabel na Choiseul, mbali na Vanikoro, lakini ni nchi moja na bahari moja. Katika nchi hiyohiyo, basi, tuna visiwa viwili vya namna mbili. Kimoja kinaliwa na maji huku wenyeji wakihamisha nyumba zao. Kingine, kilichochorwa, kina barabara iendayo chini ya maji, na mwendeshaji hupita humo akiwa mkavu, akitazama samaki. Hatudai kwamba mchoraji alikusudia kejeli. Tunachosema ni kwamba mandhari huweza kuyafuta mazingira hata pasipo na nia mbaya, na aliyefutwa hana habari.

7.0 Pingamizi

Itakuwa dhuluma kuhitimisha bila kusikiliza upande wa pili. Wapo wasioweza kutoka nje: mgonjwa, mzee, mtu mwenye ulemavu, mwanamke anayehofia njia ya usiku. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya Uviko-19, Ring Fit Adventure iliadimika madukani, na si haki kuwacheka walioitafuta. Aidha, sayansi yenyewe imetoa hoja ya kuitetea picha. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti juu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliokuwa na dirisha linalotazama miti walitoka mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ikiwa mti wa dirishani huponya, mti wa skrini umekosa nini?

Jibu lilitolewa mwaka 2008 na Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington. Waliwaweka watu 90 katika chumba kimoja cha kazi: wengine mbele ya dirisha, wengine mbele ya skrini kubwa iliyoonyesha moja kwa moja mandhari yaleyale ya dirishani, na wengine mbele ya ukuta mtupu. Mapigo ya moyo ya wale wa dirishani yalitulia upesi zaidi baada ya usumbufu mdogo. Skrini haikuwa tofauti na ukuta. Tukikumbuka mfungwa wa Brixton, matokeo haya yana maana nzito: ukuta uliopambwa, angalau kwa moyo wa mwanadamu katika jaribio hilo, ulibaki ukuta.

Kahn ameonya pia juu ya usahaulifu wa vizazi. Kila kizazi huyachukua mazingira kiliyoyakuta kuwa ndiyo kawaida, na hivyo hakihisi kilichopotea. Hapa ndipo tunapokubaliana na watetezi wa michezo hii nusu njia. Kwa mtu aliyewahi kukanyaga umande, mbuga ya skrini ni kumbukumbu na inaweza kumfariji. Kwa mtoto asiyewahi kuukanyaga, mbuga hiyo ndiyo mbuga. Atajua kwamba nyasi hazichomi, kwamba mto hauna msimu, na kwamba mlima hufunguka kwa anayestahili.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba gurudumu la Cubitt liliutenga mwendo na mahali. Kwamba kumbi za picha ziliuza mahali pasipo mwendo. Na kwamba michezo ya video ya mazoezi ilivikutanisha viwili hivyo, lakini katika mkutano ambao mahali hapana sauti. Wuhu haina ukinzani, wanyama wa Ring Fit hawana nia, na Watopia imeketi juu ya kisiwa cha watu bila kuwataja. Michezo hii inaufundisha mwili mambo mengi yenye manufaa. Inaufundisha pia kwamba maumbile yanatudai jasho tu, ilhali yanatudai uangalizi, subira, na wakati mwingine kujizuia.

Kwa mhakiki wa Kiswahili kuna kazi mbili zinazongoja. Ya kwanza ni ya istilahi: tuache kuyatumia maneno mazingira na mandhari kama pacha, kwani tofauti yao ni chombo cha uhakiki ambacho lugha imetupa bila malipo. Ya pili ni kuzirudia ngano zetu, si kwa kuzionea fahari tu, bali kwa kuzisoma kama nadharia ya maumbile yenye nia, ambamo msitu una miiko na anayeingia hubisha hodi. Wabunifu wa michezo ya video wanatafuta hadithi kila pembe ya dunia, na siku moja watazifikia hizi. Itafaa wakute zimekwisha kusomwa na wenyewe, ili fisi asije akageuzwa chuma cha kunyanyulia.